Mada: Kamera ya kumpelekea mdogo wangu Mwanza

Kutoka Leicester

Mwangaluka ndugu zangu, poleni na baridi.

Desemba naenda nyumbani. Mdogo wangu anapiga picha pale Kirumba: harusi, sendofu, kipaimara. Siku asiyokuwa na kazi anashinda mwaloni na wavuvi wa dagaa. Kamera yake imechoka. Nilimwambia aniandikie anachotamani, akanitumia orodha ndefu: bodi (kamera bila lenzi) ya megapikseli 45, lenzi tano, na droni juu yake. Mimi nimetenga pauni 1,500, sina zaidi. Muuzaji wa hapa ananisukumia kamera mpya pamoja na lenzi yake ya kwenye boksi. Wenye kuijua kazi hii, nisaidieni.

Kutoka Leeds

Dada, muuzaji mwache kwanza. Mimi nilipiga picha Mwanza miaka saba kabla ya kuja huku, kwa hiyo nakueleza kamera ambayo ningeitaka kama kesho ningerudi kazini Nyakato au Igoma.

Cha kwanza, iwe na nafasi mbili za memori kadi. Hapo sina mjadala. Niliwahi kupiga harusi, kadi ikafa ikiwa na picha zote za kanisani, na kamera yangu ilikuwa na nafasi moja tu. Siku ya tatu nilikwenda kwa baba wa bibi harusi kumweleza. Fedha nilirudisha. Lakini bibi yake binti yule alikuwa ametoka Ukerewe kuja kumwona mjukuu wake akifunga ndoa, na mwaka uliofuata alifariki. Picha yao wawili mlangoni mwa kanisa niliipiga mimi, na haipo. Kamera ya nafasi mbili ukiipanga inaandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Ya nafasi moja usimpelekee hata ukipewa bure.

Kwa fedha yako tafuta iliyotumika. Sony A7 III ya mwaka 2018 inafaa sana, na Canon R6 ya mwaka 2020 vilevile ukiipata kwa bei hiyo. Zote mbili zinatumia kadi za SD kotekote, ambazo ni rahisi kuzipata. Nikon Z6 II ni kamera nzuri, ila nafasi yake moja inataka kadi za aina nyingine, na kadi hizo ni ghali. Muulize muuzaji shata, yaani pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga picha, imeshapigwa mara ngapi. Ya A7 III ilitengenezwa kuhimili kama mara 200,000, basi ikiwa chini ya 60,000 ina maisha marefu mbele yake.

Megapikseli 45 za nini? Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa 4,000, unaichapa sentimita 50 kwa 33 na inabaki safi. Hizo 45 zitamjazia kompyuta karibu mara mbili, na mteja wake atazitazama kwenye simu.

Nguvu ya fedha ipeleke kwenye lenzi. Dada, umewahi kuwaona wavuvi wa dagaa usiku, mwezi ukiwa giza? Ukisimama ufukweni Kayenze unaona taa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Ndani ya mtumbwi kuna mwanga wa taa ile tu, na kuzunguka kwake ni weusi mtupu. Lenzi ya kwenye boksi ukiivuta hadi mwisho tundu lake la kuingizia mwanga linabaki dogo, f/5.6; namba ikiwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Watakwambia kamera ina kitulizo cha mtikisiko ndani. Ni kweli inacho, lakini kinatuliza mkono wa mpiga picha. Mvuvi anayevuta wavu hakimtulizi, naye atatoka kama moshi.

Halafu kuna suala la ngozi zetu, ambalo wauzaji wa huku hawaligusi. Kamera hupima mwanga kana kwamba dunia nzima ni ya kijivu. Mweke mtu mweusi mbele ya ziwa jeusi, itajitahidi kuangaza kila kitu, na taa iliyo karibu naye itaungua ibaki doa jeupe. Mweke bibi harusi wa gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe, itapunguza mwanga na sura yake itapotea. Ndiyo maana nasisitiza hizi kamera zisizo na kioo ndani: kwenye kitundu cha kutazamia anaona picha itakavyotoka kabla hajabonyeza, anarekebisha hapo hapo. Na apige RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ili kivuli cha usoni akiinue baadaye bila sura kuwa ya jivu.

Lenzi ya kwanza ninayoitamani kwa kazi ile ni 35 mm f/1.8, inayoona kwa upana. Ya pili 85 mm f/1.8, inayovuta sura karibu. Zile za ndoto ni 24-70 f/2.8 na 70-200 f/2.8. Hiyo ya mwisho ningeitaka kwa ajili ya Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, vikundi vya Bagika na Bagalu vinaposhindana na chatu wako mabegani, nawe unataka sura ya mchezaji bila kumkaribia. Lakini ile ya zamani ya Canon ina gramu 1,490 peke yake. Isubiri.

Kutoka Hamburg

Naongeza machache ya safari. Betri za akiba zote weka kwenye begi la mkononi, mizigoni haziruhusiwi, na vyuma vyake vifunike kwa utepe wa gundi. Chaja za Uingereza zinaingia kwenye soketi za nyumbani, zetu za Ujerumani haziingii. Risiti usiiache. Lenzi iliyotumika imulike kwa tochi kutokea nyuma: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, usinunue.

Kutoka Mwanza

Shikamooni wakubwa. Dada amenitumia maneno yenu yote.

Droni nimeifuta, kwanza inataka vibali. Megapikseli 45 nazo nimeziacha. Ila kaka wa Leeds, kwenye lenzi naomba tusikilizane. 85 ndiyo inayonilipa. Sendofu moja ukumbini, wateja wanachotaka ni sura: mama analia, shangazi anacheza, na mimi nimebanwa nyuma na watu wa video. 35 ni ya moyo wangu, ya mtumbwini. Fedha zikitosha moja tu, ije 85, ile 35 nitaifanyia kazi mwenyewe.

Na taa za ukumbini nazo mzijue. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Nilipoazima kamera ya mwenzangu nikatumia shata ya kimya (ya kielektroniki), picha zote zilitoka na mistari myeusi. Sasa natumia shata ya kawaida na naiweka 1/100, mistari inaondoka.

Dada, kama inawezekana iwe inachajiwa kwa USB. Umeme ukikatika nachaji kwenye pawabenki, kazi inaendelea.

Kutoka Leicester

Nimepata A7 III, shata 41,000, na 85 mm f/1.8. Kaka wa Leeds ameongezea fedha ya 35 mm, iliyotumika, tumeimulika kwa tochi ni safi. Kadi mbili na betri mbili zimo. Mdogo wangu, uje unipokee uwanja wa ndege, na begi hilo utalibeba wewe.