Wazee wa kaya katika mafunzo ya uongozi wa wanafunzi

Mwalimu wa Ganze
Hamjambo walimu wenzangu. Ninaandaa mafunzo ya uongozi kwa baraza la wanafunzi katika shule ya sekondari hapa Kilifi, na ningependa wazee wa kaya, yaani walinzi wa makao matakatifu ya Wamijikenda msituni, waje waeleze jinsi kambi, baraza lao la wazee, inavyoketi kusikiliza shauri. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kambi kwa desturi ni ya wanaume, ilhali somo lenyewe linahusu haki kwa wote. Isitoshe, katika kaunti hii wazee wenye mvi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi chanzo kikiwa ni ugomvi wa shamba, na wanafunzi wangu huyasikia hayo nyumbani. Nifanyeje nisiipambe mila wala kuidharau?

Mkufunzi, Malindi
Mwalimu, anza na Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, jamii mojawapo ya Wamijikenda, aliyewapinga wakoloni Waingereza, lakini usiishie kwenye sifa za shujaa. Mwaka 1913, Wagiriama walipokuwa wakitozwa na serikali ya kikoloni kodi ya nyumba na vijana wao wakitakiwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, alikusanya watu kwa ngoma ya kifudu, inayochezwa matangani, hadi wakafika Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ambako wanawake walikula kiapo chao cha mukushekushe na wanaume cha fisi. Waulize wanafunzi alipata wapi mamlaka hayo, naye hakuwa mzee wa kambi. Mwache mzee uliyemwalika alijibu swali hilo mbele yao, nawe usimsaidie.

Bi. Mwalimu, Kaloleni
Naafiki, kwa sharti moja: aalikwe na bibi mwenye kuijua mila, naye aje kufundisha, si kupika. Suala la mvi usilikwepe hata kidogo, kwa sababu hatuwezi kumsifu mzee darasani huku kijijini roho yake iko hatarini. Mimi huwapa wanafunzi shauri la kubuni, la wana wanaomshuku babu yao mchawi huku wakilitaka shamba lake, nao huliamua kwa utaratibu wa kambi: hakuna kumkatiza msemaji, na hawainuki mpaka waafikiane. Safari moja walimhukumu babu bila kumwita, na hakuna aliyeliona kosa hilo mpaka msichana wa kidato cha pili alipouliza ni nani aliyemsikiliza mshtakiwa. Kipindi kizima kiliishia hapo, na sikujuta.

Mwalimu wa Ganze
Ahsanteni sana. Nitawaomba mzee na bibi walisikilize shauri hilo kwanza, ndipo wazungumze, na kesho nitamwona mwalimu mkuu kuhusu nauli zao, maana si haki wajigharimie.