Mangiferini ya majani ya mwembe: kwa nini napata madoa matatu?

Mwanafunzi wa Kadutu
Wakubwa zangu, nawasalimu kutoka Bukavu. Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo natafuta mangiferini, molekuli ya manjano yenye sukari ndani yake; nilileta majani ya mwembe kutoka Uvira, kwa sababu huku kwetu juu kwenye baridi miembe haistawi, nikayaanika kivulini, nikayasaga, nikayaosha kwa eta ya petroli ili kuondoa mafuta na sehemu ya klorofili, kisha nikayaloweka katika ethanoli ya asilimia 70. Nilipoivukiza ethanoli, unga wa manjano, yaani mangiferini yenyewe, ulitua chini, nikausafisha mara mbili kwa njia ya fuwele, na kwenye bamba la kromatografia, ambalo hutenganisha vitu vilivyochanganyika, ukatoa doa moja tu. Lakini baada ya kuuchanganya na anhidridi ya asetiki (ambayo hubandika vipande viitwavyo asetili) ndani ya kiyeyusho cha piridini, ili molekuli iyeyuke vizuri zaidi katika mafuta, yametokea madoa matatu. Je, imepoteza sukari yake?

Mkemia wa Ibanda
Ndugu, sukari usiishuku. Katika mangiferini glukosi imeungana na kaboni ya zanthoni (ile sehemu ya molekuli isiyo sukari) moja kwa moja, bila oksijeni katikati, na kifungo hicho hakivunjwi na asidi kwa wepesi kama katika glukosidi za kawaida. Hesabu haidroksili, yaani vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyopokea asetili: ziko nane, nne kwenye zanthoni na nne kwenye sukari, wala hazipokei asetili kwa kasi moja, kwa hiyo madoa yako huenda ni molekuli zenye idadi tofauti za asetili. Ile ya kaboni namba 1 imeshikwa na kabonili jirani (kaboni iliyoungana na oksijeni kwa kifungo maradufu) kwa kifungo cha hidrojeni, kwa hiyo hukawia kuliko zote. Ukipata nafasi ya kupima uzito wa molekuli, ambao mwanzoni ni 422, kila asetili itauongezea 42: zikiingia saba utaona 716, na zikiingia zote nane utaona 758.

Mama wa Maabara
Hayo ni kweli, ila mimi ningeanza na maji. Fuwele zilizotoka katika ethanoli yenye maji hubaki na unyevu, piridini nayo huunyonya kutoka hewani, na anhidridi yako inaishia kuwa asidi ya asetiki kabla ya kuigusa mangiferini. Kausha unga kwenye tanuri, zidisha anhidridi, acha usiku kucha, kisha umimine kwenye barafu. Piridini usiifungue mahali pasipo na hewa ya kutosha. Halafu yeyusha chembe ya ulichopata katika ethanoli na udondoshee kloridi ya feri: kijani kikitokea, bado kuna fenoli iliyo wazi, yaani haidroksili ya zanthoni ambayo haijapokea asetili.

Mwanafunzi wa Kadutu
Asante mama, asante kaka. Nimerudia kwa unga uliokauka vizuri: madoa mawili ya chini yametoweka, limebaki la juu peke yake, lakini kloridi ya feri bado inatoa kijani hafifu. Nashuku ni ile haidroksili ya kaboni namba 1, na wiki ijayo nitaongeza joto kidogo.