Nimepungua kilo 19, lakini uso umezeeka na watu wananiuliza kama ninaumwa

Mwalimu wa Tanga aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 46, mwenye urefu wa sentimita 161. Mwaka jana daktari alinionya kwamba sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda, ingawa haikuwa imefikia kiwango cha kuitwa kisukari, akanishauri nipunguze uzito. Wakati ule nilikuwa na kilo 94 na leo nina kilo 75. Sikutumia dawa yoyote: nimeacha soda na maandazi ya asubuhi, nimepunguza wali wa usiku, na ninakwenda shuleni na kurudi kwa miguu. Vipimo vya sukari na vya shinikizo la damu vimekaa sawa, na magoti yaliyokuwa yakiniuma kila nikipanda ngazi yametulia.

Kinachonisumbua ni sura. Mashavu yameshuka, macho yameingia ndani, mistari inayotoka puani kuelekea pembe za mdomo imekuwa mirefu, na chini ya kidevu kumebaki ngozi isiyo na kitu ndani yake. Nikivaa gauni lenye shingo pana, mifupa ya mabega inaonekana, ilhali makalio na mapaja, ambayo ndiyo niliyotamani yapungue, yamepungua kidogo mno. Nywele nazo zinatoka kwa wingi kila nikifumua msuko. Katika harusi ya mpwa wangu, shangazi alinivuta pembeni, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima. Wengine wanasema nina mawazo, na wapo wanaodai kwamba mume hanitunzi.

Naomba kuelimishwa: kwa nini mwili umeanza kupungua usoni? Je, ngozi itarudi? Na je, ni busara niongeze kilo tano au sita ili mashavu yajae tena?

Afisa Lishe alijibu:

Dada Mwalimu, hongera, na ninaomba nianze na hesabu. Ukigawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita 1.61 uliozidishwa kwa wenyewe, ulikuwa na uwiano wa 36, yaani unene uliokithiri, na sasa una takriban 29. Uwiano wa kawaida kwa mtu mzima ni kati ya 18.5 na chini ya 25. Kwa maana hiyo, mtu ambaye ndugu zake wanamwona amekwisha bado, kwa kipimo cha hospitali, ana uzito uliozidi. Ninalitaja hili mapema kwa sababu macho ya watu hayakulinganishi na kipimo hicho. Yanakulinganisha na wewe wa mwaka jana.

Kuhusu uso, mwili hauchomi mafuta ya mahali tunapopachagua. Mpangilio wa mahali yanapotoka kwanza na mahali yanapong'ang'ania huamuliwa na urithi, jinsia na homoni, na kwa wanawake wengi mafuta ya mapaja na makalio, ambayo mwili huyaweka akiba kwa ajili ya ujauzito na kunyonyesha, ndiyo magumu zaidi kuondoka. Uso una mafuta machache tangu mwanzo, yaliyopangwa katika vifungu vidogo mashavuni, chini ya macho na pembeni mwa kidevu, na ndiyo yanayoshikilia umbo lake. Yakipungua hata kidogo tu, kila mtu anaona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Daniel Re na Nicholas Rule, walieleza mwaka 2015 kwamba kwa mtu wa urefu wa wastani, mabadiliko ya takriban kilo tatu na nusu kwa mwanamke na kilo nne kwa mwanamume yanatosha kutambulika usoni. Wewe umepunguza zaidi ya mara tano ya kiasi hicho.

Kuhusu ngozi, unyumbufu wake unatokana na protini za kolajeni na elastini, ambazo hupungua kadiri umri unavyosonga na huharibiwa na jua kali na sigara. Ngozi iliyotanuliwa kwa miaka mingi haijikusanyi kwa kasi ambayo mafuta yanaondoka, na ndiyo maana picha ya mtu aliyetoka kupungua huonyesha sura ya uchovu kuliko atakavyokuwa baadaye. Uzito wako ukitulia, ngozi huendelea kujikaza polepole kwa miezi mingi. Haitarudi kuwa ya miaka 25, na sehemu iliyotanuka sana, kama ile ya chini ya tumbo, huenda ikabaki imelegea, lakini si haki kuihukumu leo.

Nywele kutoka kwa wingi miezi miwili hadi minne baada ya uzito kushuka kwa kasi ni jambo linalojulikana: vinyweleo vingi huingia katika mapumziko kwa pamoja, kisha nywele hizo huanguka. Kwa kawaida hurejea zenyewe baada ya miezi kadhaa, mradi chakula kina protini na madini ya chuma ya kutosha, kwa hiyo omba upimwe wingi wa damu. Ninahisi pia kwamba umepunguza chakula bila kuongeza protini, na ukafanya mazoezi ya kutembea pekee. Katika hali hiyo sehemu ya kilo zilizoondoka huwa ni misuli, na mtu aliyepoteza misuli huonekana amenyauka hata kama bado ana mafuta. Uko Tanga, samaki na dagaa hawako mbali. Ongeza maharage, kunde na mayai, na mara mbili au tatu kwa wiki fanya kazi ya kunyanyua vitu vizito kidogo, hata iwe madumu ya maji.

Kuongeza kilo ili ujaze mashavu sikushauri. Mafuta yakirudi hayapokei maagizo ya mahali pa kukaa, na kiuno kitapata sehemu yake pamoja na ile sukari uliyoishusha.

Duka la Urembo alijibu:

Dada yangu, usijitese kusubiri miezi. Zipo krimu za kukaza ngozi zinazofanya kazi kwa haraka, na vipo vidonge vinavyorudisha mashavu ndani ya wiki mbili bila kunenepesha tumbo. Wateja wangu wengi wameridhika. Ukihitaji, nitakutumia.

Afisa Lishe alijibu:

Ninaomba ndugu yetu wa duka aniwie radhi, lakini hapa siwezi kunyamaza. Vidonge vinavyojaza mashavu kwa muda mfupi namna hiyo mara nyingi huwa na dawa za jamii ya steroidi, kama vile deksamethasoni, ambazo huuvimbisha uso kwa maji na mafuta, na ukizitumia kwa muda mrefu hudhoofisha misuli na mifupa. Zaidi ya hayo, dawa hizo hupandisha sukari. Kumpa mtu ambaye ameshuka kilo 19 kwa sababu ya sukari ni kumrudisha alikotoka kwa njia mbaya zaidi. Krimu nzuri inaweza kulainisha ngozi na kupunguza mikunjo midogo. Haiwezi kuvuta ngozi iliyoning'inia. Ngozi iliyozidi huondolewa kwa upasuaji, unaoacha kovu na kugharimu fedha nyingi, na haufai kufikiriwa kabla uzito haujatulia kwa muda wa kutosha.

Mzee wa Bukoba alijibu:

Mwanangu Mwalimu, umepewa maelezo ya mwili, nami ninaomba niseme kuhusu shangazi yako, kwa sababu ninamwelewa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa huku kwetu Kagera mwaka 1983. Kabla watu hawajafahamu virusi ni nini, walichokiona ni kukonda: jirani ambaye jana alijaza shati lake, leo kola inamzunguka shingoni na mashavu yameingia. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Tuliozika ndugu katika miaka ile, kabla ya dawa za kufubaza virusi kuwafikia wananchi, tulijifunza kuusoma uso wa mtu kwa hofu, na hofu hiyo haikuondoka dawa zilipokuja. Tukaanza kumsifu aliyenenepa, na tunamsifu hadi leo, hata anapohema kwa kupanda vidaraja vitatu.

Kwa hiyo, shangazi aliyefunga mlango kabla ya kuuliza hakukusudia kukudhalilisha. Mjibu waziwazi kwamba daktari alikuagiza upungue, mwonyeshe cheti cha vipimo kama unacho, naye ndiye atakayewanyamazisha wengine. Wale wa maneno ya mume waache, hao hawana dawa.

Kijana wa Kisauni alijibu:

Dada Mwalimu, kwangu mambo yalikwenda kinyume chako: mimi ni mwanamume, na kitambi ndicho kilichotangulia kuondoka. Jambo ambalo sikulitarajia ni shingo. Kwa miaka mingi nyuma ya shingo na makwapani palikuwa peusi na pazito kama uchafu uliogoma, nikawa ninapasugua kwa dodoki na jiwe hadi pananiwasha, na kinyozi akinifunga kitambaa nilikuwa ninaona haya. Daktari akaniambia kwamba weusi ule unatokana na mwili kuisikia kwa shida insulini, yaani homoni inayodhibiti sukari, na kwamba kuusugua ni kuuongeza. Nilipopungua, ulififia wenyewe. Michirizi ya tumboni imebaki, ingawa rangi yake imetulia. Tazama na wewe shingo yako kwenye kioo, huenda kuna jambo jema ambalo hujaliona kwa sababu unatazama mashavu tu.

Fundi Cherehani alijibu:

Mimi si mtaalamu wa afya, ila nimepima miili kwa miaka mingi, na mteja anayepungua ninamjua kabla hajasema. Shingo na kifua hutangulia, kiuno hufuata, nyonga huwa ya mwisho. Sasa dada Mwalimu, nguo ulizonazo zilikatwa kwa mwili wa kilo 94. Bega la gauni linapoteremka na kukaa kwenye mkono, na kifua kikabaki kitupu, mtu yeyote ataonekana mgonjwa, hata awe mzima kama kigongo. Nusu ya maswali unayoulizwa inatoka kwenye nguo.

Ushauri wangu ni huu. Usipunguze nguo zote sasa, maana bado unabadilika, na ngozi ni kama mpira wa kiuno cha sketi uliovutwa muda mrefu: unarudi, lakini taratibu, na vipimo navyo vinahama. Chagua magauni mawili au matatu ya kazini. Mwambie fundi aanzie begani, aifumue mikono, alete bega mahali pake, ndipo aingie kwenye mishono ya pembeni, na kitambaa kinachobaki ndani asikikate. Mafundi wengi hukimbilia pembeni kwa kuwa ni kazi rahisi, gauni likabana kiuno na bado likaning'inia mabegani. Shingo pana ziache kwa sasa. Shingo ya mviringo iliyo karibu, yenye kola ndogo, itaficha mifupa unayoilalamikia.

Mwalimu wa Tanga alijibu:

Ninawashukuru nyote. Mzee wangu, shikamoo; nitampelekea shangazi cheti chenyewe. Kaka wa Kisauni, nimetazama shingo, na ni kweli kwamba pamekuwa peupe kuliko zamani, wala hakuna aliyelitaja hilo. Afisa, ulivyohisi ndivyo ilivyo: chakula changu cha usiku kimekuwa mchicha na chai. Nitapima damu wiki ijayo, na sitaongeza kilo. Nina swali moja tu kwako. Ni wakati gani nihesabu kwamba kupungua huku si kwa juhudi zangu tena, bali kuna ugonjwa?

Afisa Lishe alijibu:

Swali zuri. Kama umerudia kula vizuri, hujabadilisha mwendo wa mazoezi, na uzito bado unashuka, nenda hospitali. Kwa jumla, mtu anayepoteza zaidi ya asilimia tano ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia anapaswa kuchunguzwa. Kwako hiyo ni chini kidogo ya kilo nne. Nenda mapema zaidi ukipata kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, kikohozi kinachozidi wiki mbili, jasho la usiku, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, au uvimbe wowote. Watakupima sukari, kifua kikuu, tezi ya shingo na VVU, na hicho cha mwisho usikikwepe kwa sababu ya maneno ya harusini.

Fundi Cherehani alijibu:

Na gauni ukilipeleka kwa fundi, lifue kwanza, kisha ulivae akiwa anakupima. Asikupimie juu ya gauni jingine.