BBC Micro ya 1981: Uingereza ilichagua kompyuta sahihi ya shule, au ilinunua jina?

mlipakodi
Wakuu, hoja mezani. Mwaka 1981 BBC ilitafuta kompyuta moja ya kwenda sambamba na vipindi vyake vya kufundisha umma kompyuta, vilivyoanza kurushwa Januari 1982. Kwanza macho yalikuwa kwa NewBrain ya kampuni ya Newbury, lakini mashine haikuwa tayari kwa wakati. Acorn ya Cambridge ikaunganisha mfano wake, Proton, ndani ya wiki moja, ikapewa kazi, na mashine ikaitwa BBC Micro. Serikali nayo ikaja na mpango wa kuzilipia sekondari nusu ya bei, na orodha ilikuwa na majina mawili tu: Acorn na Research Machines. Sinclair, mtengenezaji wa kompyuta za bei nafuu ZX81 na Spectrum, akaachwa nje.

Sasa piga hesabu. ZX81 iliyokwisha kuunganishwa iliuzwa pauni 69.95. BBC Model B, toleo la juu la BBC Micro, ilitangazwa kwa pauni 335 na muda si mrefu ikapanda hadi 399. Hiyo 399 inanunua ZX81 tano na chenji inabaki. Kwangu mimi, fedha ya umma ilinunua jina.

Fundi_Bodi
Mkuu, ZX81 ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya KB 1, na skrini inakula humo humo. Ukitaka kazi ya maana unachomeka pakiti ya KB 16 nyuma, kwenye ukingo wa bodi ulio wazi. Mtoto akitikisa meza, pakiti inacheza, mashine inaganda na kazi yote imepotea. Shule haikuhitaji tano za hivyo. Kama unataka ushindani wa haki, lete Spectrum ya KB 48, ya Aprili 1982, pauni 175.

Nayo tuifungue. Inakula volti 9, na katikati ya plagi ni hasi. Ndani kuna transista, TR4, inayoendesha koili ili kuzalisha volti 12 na volti -5 kwa ajili ya RAM za chini, chipu nane za 4116. Ukichomoa kifaa kwenye ukingo wa nyuma umeme ukiwa umewashwa, pini zinagusana na TR4 inaungua. -5 ikikatika huku 12 ipo, 4116 nazo zinafuata. Ndiyo maana Spectrum mbovu haibadilishwi RAM kabla ya kupima: mita kwenye chipu, pini ya 1 iwe -5, ya 8 iwe 12, ya 9 iwe 5, ya 16 ni ardhi. Ukirukia RAM kabla ya TR4, umeunguza chipu mpya.

Haya, weka hiyo darasa la watoto thelathini, kila mmoja anataka kuchomeka na kuchomoa. BBC Micro iliweka soketi zenye kingo kwa printa, diski, vihisio vya maabara na saketi za kujitengenezea. Tofauti ya pauni 224 iko hapo.

Shuwari
Umeisema Spectrum vizuri, ila BBC umeipaka mafuta. Tuzungumze kumbukumbu. Model B ina KB 32. Ukiwasha MODE 0, 1 au 2 (MODE ni aina ya mwonekano wa skrini), skrini inachukua KB 20. Nafasi ya programu inaanzia anwani &0E00 na skrini inaanzia &3000 (alama & ni namba za heksadesimali), kwa hiyo mwanafunzi anabaki na baiti 8,704. Ukiongeza diski, mfumo wake unasogeza mwanzo hadi &1900, zinabaki 5,888. Umelipa zaidi ukapata kidogo! Spectrum, skrini yake yenye rangi ni baiti 6,912 tu, na BASIC, lugha ya kuandikia programu, inabakiwa na baiti elfu 41 na ushee. Model A, toleo la chini la BBC, ndiyo kichekesho: KB 16 kwa jumla, MODE 0 hadi 3 haziwezi kufunguka kabisa.

Fundi_Bodi
Hesabu sahihi, lakini umechagua MODE zenye njaa. MODE 7 inatumia KB 1, kwa sababu chipu ya SAA5050 ndiyo inayochora herufi, ile ile ya maandishi ya runinga. Hapo bila diski unabaki na baiti 28,160. Na BASIC yenyewe haikai kwenye RAM, ina ROM yake, chipu ya kumbukumbu isiyofutika, ya KB 16. Soketi za pembeni zinapokea ROM nyingine: weka ya kuandikia barua, iite kwa amri moja, RAM haiguswi. Hizo baiti 6,912 za Spectrum zina bei pia: kila mraba wa nukta 8 kwa 8 una rangi mbili tu, na maandishi ni herufi 32 kwa mstari. BBC inafika 80.

Nusu_Pini
Mnaocheka bei, mmesahau BASIC ya BBC, iliyoandikwa na Sophie Wilson wa Acorn. Ina PROC (vipande vya programu vyenye majina), ina REPEAT…UNTIL (kurudia hadi sharti litimie), na unaandika asembli, lugha ya karibu na prosesa, katikati ya programu kati ya mabano [ na ]. BASIC ya Spectrum ni GOTO na GOSUB, amri za kuruka kwenda mstari mwingine. Kwa shule, hilo lina uzito kuliko rangi.

Halafu kuna Tube, mlango ulio chini ya BBC Micro wa kuunganisha prosesa ya pili. Tarehe 26 Aprili 1985 chipu ya kwanza ya ARM, prosesa iliyobuniwa na Acorn, iliwashwa ikiwa imening'inizwa kwenye BBC Micro kwa mlango huo. Simu unayosomea hapa, karibu hakika, ina mjukuu wake.

mlipakodi
Hiyo ya ARM ni bahati nasibu. Hakuna afisa manunuzi wa 1981 aliyeandika "mashine izae prosesa ya simu". Ukihesabu matunda ya baadaye, hesabu na ya Sinclair: Spectrum zilitengenezwa kiwanda cha Timex mjini Dundee, na mfanyakazi wa zamani wa hapo ndiye aliyeanzisha DMA Design, kampuni ya michezo. Watoto waliojifunza nyumbani kwa mashine ya bei nafuu nao ni elimu.

Na hizo soketi mnazosifu! Econet, mtandao wa Acorn, inaunganisha mashine 254 kwenye diski moja, safi. Lengo la mpango lilikuwa kila sekondari iwe na kompyuta moja angalau. Mtandao wa kompyuta moja unaongea na nani?

Fundi_Bodi
Hapo umenipata.

Shuwari
Na uimara tusiutie chumvi. BBC za kwanza zilikuwa na pawasaplai iliyochemka, ikabidi ibadilishwe aina. Hata zile nzuri, leo zinatoa moshi. Mkosaji ni kapasita mbili za karatasi kwenye njia ya umeme mkubwa, nF (nanofaradi) 100 na nF 10. Ganda linapasuka, unyevu unaingia, karatasi inaungua. Chomoa ukutani, subiri, fungua skrubu nne zilizoandikwa FIX, toa pawasaplai, weka kapasita mpya za plastiki daraja la X2, volti 275 AC. Usiwashe "kuijaribu kwanza".

mlipakodi
Niongeze moja. Mpango wa shule za msingi ulipokuja mwaka 1982, Spectrum ilikuwemo kwenye orodha pamoja na BBC. Nusu_Pini, kama mashine ile haikufaa darasani, kwa nini serikali ile ile iliiruhusu mwaka mmoja baadaye, kwa watoto wadogo zaidi?

Nusu_Pini
Kuiruhusu ni jambo moja. Walimu walipopewa uchaguzi, walichukua ipi kwa wingi?