Paka wangu wanakufa njaa kila majira ya baridi: ninakosea wapi?

ShangaziNjombe aliuliza:

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi si mchezaji wa siku nyingi, kwa hiyo mnivumilie nikieleza kwa kirefu. Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka kumi, alikuja kukaa nami kwa likizo, nami nikatafuta mchezo wa kompyuta ambao hauna bunduki, hauombi kadi ya benki na hauli bando. Tukaangukia Kittens Game, ule mchezo wa maandishi unaochezwa bure ndani ya kivinjari, ambapo unaanzisha kijiji cha paka msituni kwa kubofya kitufe kimoja cha kukusanya majani. Hayo majani ni ya mmea wa jamii ya mnanaa ambao paka wanaupenda mno. Sisi nyumbani tunayaita majani tu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Tulipanda mashamba hadi yakafika 30, tukajenga vibanda viwili, wakaja paka wanne, na tukakaa nao mwaka mzima wa mchezo bila shida. Binti akawapa majina yote manne. Tulipoona ghala limejaa vizuri kabla ya majira ya baridi, tukageuza majani kuwa mbao tukajenga kibanda cha tatu, wakaja wawili wengine. Katikati ya baridi ghala likasoma sifuri, na paka wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yetu. Tumerudia mara tatu, na mara zote mambo yameishia hapo hapo.

Mimi nimekulia Njombe, baridi naijua, nimeona jalidi ikiunguza majani ya viazi mwezi Julai. Ila kipupwe chetu hakijawahi kumaliza ghala zima kwa msimu mmoja. Je, huu mchezo umetengenezwa ili paka wafe, au kuna hesabu ambayo sisi hatuioni?

Mkokotozi alijibu:

Dada, hesabu ipo, na bahati nzuri ni ya shule ya msingi. Umeeleza vizuri kiasi kwamba naweza kukuonyesha mahali penyewe ulipoteleza.

Siku moja ya mchezo ni sekunde 2, msimu una siku 100, na mwaka una misimu minne, kwa hiyo mwaka mzima ni sekunde 800, yaani dakika 13 na ushee. Shamba moja hutoa majani 0.625 kwa sekunde katika msimu wa kawaida. Katika majira ya kuchipua linaongezeka nusu yake, na katika majira ya baridi linabaki na robo tu. Paka mmoja, awe anafanya kazi au amelala, anakula 4.25 kwa sekunde.

Sasa chukua mashamba yako 30. Kwa mwaka mzima yanatoa majani 14,000 na kidogo. Paka wanne wanakula 13,600. Unaona ulivyokuwa unaishi? Ziada yako ilikuwa majani mia nne na kitu kwa mwaka, ila kwa sababu ghala lilionekana limejaa mwishoni mwa vuli, ukadhani una utajiri. Ile haikuwa ziada, ilikuwa chakula cha baridi kikisubiri kuliwa: katika msimu huo mmoja paka wanne wanakula 3,400 huku mashamba yakitoa 900 na kidogo, kwa hiyo ni lazima uingie na akiba isiyopungua 2,500.

Halafu tazama ulichofanya. Kibanda cha kwanza ni mbao 5, na kila kinachofuata kinapanda bei mara mbili na nusu, kwa hiyo cha tatu ni mbao 31.25. Kugeuza majani 100 kunakupa mbao moja. Maana yake ulichukua majani 3,125 ya akiba ya baridi ukayafanya kuta, kisha ukaleta midomo miwili zaidi. Paka sita wanahitaji 20,400 kwa mwaka, na mashamba yako bado yanatoa 14,000. Hata kiangazi ungepungukiwa. Baridi ilikuja kumalizia tu.

Dawa si kuacha kibanda cha tatu. Dawa ni mpangilio. Ukiwa na paka wanne, waweke wawili wakate miti, kwa sababu mkata miti mmoja hukupa ubao mmoja kila baada ya sekunde 11 hivi bila kugusa ghala. Mbao 25 za mwanzo jenga maktaba, kisha paka mmoja awe msomi wa kukukusanyia alama za elimu. Kwa alama hizo fungua kwanza maarifa ya kalenda, yanayogharimu alama 30, halafu ya kilimo, alama 100. Kwa msomi mmoja ni dakika kumi na kitu. Ukishapata kilimo unaruhusiwa kuajiri wakulima, na mkulima mmoja hutoa majani 5 kwa sekunde, kiangazi na baridi sawasawa. Yaani anajilisha mwenyewe na kinabaki kidogo. Ukiwa na wakulima wawili kati ya paka sita, akiba inayohitajika kuvuka baridi inashuka hadi 2,200 hivi. Hapo ndipo ujenge kibanda cha tatu, na ukijenge mwanzoni mwa majira ya kuchipua, si mwishoni mwa vuli.

Hesabu hizi ni za mwaka wa kawaida. Ukishapata kalenda utaona kuna miaka ya baridi kali kuliko kawaida, kwa hiyo usikate akiba hadi tone la mwisho.

KijanaWaTemeke alijibu:

Mkokotozi ameeleza kama mhasibu wa chama cha ushirika, sina la kuongeza kwenye namba. Mimi nina wazo tofauti. Kama mchezaji mwenzako ni mtoto wa miaka kumi, kwa nini msianze na Cookie Clicker? Ni wa mwaka 2013, ulitengenezwa na Mfaransa anayejiita Orteil, nao pia ni bure kwenye kivinjari. Unabofya biskuti kubwa, unanunua kishale cha kukubofyea kwa biskuti 15, kila kishale kinachofuata bei yake inapanda kwa asilimia 15, kisha unaajiri mabibi wa kuoka. Hakuna anayekufa njaa. Mwanangu wa miaka saba anauelewa bila kujua Kiingereza.

ShangaziNjombe alijibu:

Asante sana ndugu yangu wa Temeke. Tuliujaribu huo jana usiku, na kweli ni mzuri kwa macho, lakini binti aliuchoka baada ya nusu saa. Nilipomuuliza sababu akasema, "Shangazi, humu biskuti zinaongezeka tu." Nadhani ana hoja. Kwenye ule wa paka kila jani lina kazi mbili zinazogombana, kulisha na kujenga, na ndiyo maana tunabishana mezani hadi chakula kinapoa.

Mkokotozi, nimenakili maelezo yako kwenye daftari. Tutaanza kijiji upya, maana cha zamani kina huzuni nyingi.

Fundi_Kompyuta alijibu:

Kabla hamjaanza upya, mwalimu (naona unafundisha kama mwalimu hata kama si mwalimu), naomba niongeze jambo moja ambalo limewaliza watu wengi kuliko hiyo baridi. Mchezo huu hauhitaji akaunti. Kijiji chako kinahifadhiwa ndani ya kivinjari cha kompyuta hiyo hiyo, na mtu akifuta data za kivinjari, kijiji kinakwenda nacho. Mimi nilikuwa nikicheza kwenye kompyuta za kukodi mjini, nikawa na paka zaidi ya hamsini, asubuhi moja nikakuta mhudumu amesafisha mashine zote. Hakuwa na kosa, hiyo ndiyo kazi yake.

Juu ya ukurasa kuna sehemu ya mipangilio yenye uwezo wa kutoa kijiji chako kama mstari mrefu wa herufi zisizosomeka. Unakili wote, ujitumie mwenyewe kwa barua pepe, na ukibadilisha kompyuta utaubandika pale pale na kijiji kitarudi kama kilivyokuwa. Fanyeni hivyo kila mnapomaliza kucheza. Kuhusu Kiingereza, maneno yanayojirudia hayafiki thelathini katika hatua za mwanzo. Mwandikieni orodha abandike ukutani, baada ya siku mbili hataihitaji.

ShangaziNjombe alijibu:

Narudi na taarifa baada ya siku tano. Tulifuata mpangilio: maktaba, kalenda, kilimo, wakulima wawili, na kibanda cha tatu tukakijenga siku ya nne ya majira ya kuchipua. Tuliingia kwenye baridi na majani 2,600. Ilipofika siku ya 60 ghala lilikuwa limeshuka chini ya 1,350, na mimi mwenyewe ndiye niliyeanza kuhangaika nikataka kubofya kitufe cha kukusanya kwa mkono. Binti akanishika mkono, akafungua daftari, akanionyesha hesabu, akasema tusubiri tuone kama namba zinasema kweli.

Baridi ilipokwisha yalibaki majani 400 kasoro machache, paka wote sita wazima. Sasa anataka kibanda cha nne, nami nimemwambia kwanza aniambie kitagharimu mbao ngapi na midomo minane itakula kiasi gani hadi mwaka uishe. Yuko mezani anazidisha.