Jaji Aaron Persky: je, wapiga kura wa Santa Clara walitenda haki?

Mwanafunzi wa Sheria: Ndugu zangu, Juni 2018 wananchi wa kaunti ya Santa Clara, California, walimwondoa Jaji Aaron Persky kwa kura. Kosa lililomponza ni kumpa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyemshambulia kingono mwanamke asiyejitambua, kifungo cha miezi sita, ilhali upande wa mashtaka uliomba miaka sita. Jaji huyu aliingiaje madarakani, na je, ni haki hukumu moja kufuta kazi ya miaka kumi na mitano?

Mkazi wa San Jose: Persky alikuwa mwendesha mashtaka. Mwaka 2002 aligombea ujaji akashindwa, na mwaka uliofuata Gavana Gray Davis akamteua. Majaji wengi wa kaunti huko huanza hivyo, kwa kuteuliwa kujaza nafasi iliyo wazi, kisha hutetea kiti kila baada ya miaka sita bila kusimamishwa na chama. Asipojitokeza mpinzani, jina la jaji halichapwi hata kwenye karatasi ya kura. Hukumu ile ilitolewa tarehe 2 Juni 2016, uchaguzi ukafanyika tarehe 7, na Persky akapata kipindi kipya bila kupigiwa kura, kwa kuwa muda wa kuchukua fomu ulikuwa umekwisha zamani. Wenye uchungu walibaki na njia ya kukusanya saini tu, ili iitishwe kura ya kumwondoa, nao walikusanya zaidi ya 90,000.

Wakili Mtetezi: Mimi naona walikosea, ingawa hukumu yenyewe siitetei. Afisa wa probesheni, yaani anayemshauri jaji kuhusu adhabu, alikuwa amependekeza adhabu nyepesi, na tume ya nidhamu ya majaji ilichunguza malalamiko isione ukiukaji wa maadili. Hata Jeff Rosen, mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti, aliyeipinga hukumu hiyo, alipinga pia kumwondoa jaji. Utafiti uliofanywa Pennsylvania ulionyesha kwamba majaji hurefusha vifungo kadiri uchaguzi unavyokaribia, na wanaosimama kizimbani siku hizo wengi wao ni maskini wasio na wa kuwasemea.

Dada wa Oakland: Hofu yako naielewa, kaka, lakini mwanamke aliyedhulumiwa naye alihitaji wa kumsemea. Profesa Michele Dauber wa Stanford, aliyeongoza kampeni, alidai kwamba kesi hiyo haikuwa ya pekee, na takribani asilimia 60 ya wapiga kura walikubali jaji aondoke, jambo ambalo California haikuwa imelishuhudia tangu 1932. Tena, Septemba 2016 sheria ilikuwa imekwisha kubadilishwa ili mkosaji wa namna hiyo asikwepe gereza. Ninachotaka mimi ni jina la kila jaji wa kaunti lichapwe hata asipokuwa na mpinzani, wananchi wapige ndiyo au hapana, kama wanavyofanya tayari kwa majaji wa mahakama ya rufaa ya jimbo hilohilo.