Vita vya 1939–1945 vilibadili nini katika kazi za wanawake wa Unguja na Pemba?

Mwalimu_Wete:
Assalaam alaykum. Natayarisha somo la Historia, kidato cha tatu. Husemwa kwamba Vita Vikuu vya Pili vilimtoa mwanamke jikoni vikampeleka kiwandani. Kwa Uingereza sawa, lakini kwetu kulikuwa na viwanda gani? Nini hasa kilibadilika?

Bondeni:
Waalaykum salaam, mwalimu. Kwetu mabadiliko yaliingilia kwenye chakula. Mchele mwingi ulikuwa ukitoka Burma. Wajapani walipoiteka 1942, mchele huo ukakatika, ukaanza mgao, na serikali ikahimiza watu walime chakula chao.

Sasa piga hesabu ya kazi. Mchele wa melini hufika umeshakobolewa. Mpunga wa bondeni unataka kupaliliwa, kisha kuamiwa ndege alfajiri mpaka jioni punje zikishaanza kutia maziwa, kuvunwa suke kwa suke kwa kisu, kuanikwa, kutwangwa na kupetwa. Kilo 10 za mpunga hutoa mchele kilo 6 na kidogo. Ukiutwanga mbichi, punje hupondeka. Ukikauka kupita kiasi, zinakatika chenga. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya wanawake, na kuni, maji na watoto viko palepale. Kwa hiyo usiwafundishe kwamba mwanamke alibadilisha kazi. Aliongezewa.

Makopa:
Naunga mkono, na usiusahau muhogo. Ule mchungu una sumu, na dawa yake ni muda: umenye, uloweke siku 3 hivi mpaka ulainike, uanike ukauke kabisa, ndipo utwange unga wa bada. Njaa ikibana, watu hufupisha hatua hizo, na hapo ndipo madhara hutokea. Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kwa muhogo ambao haukutayarishwa vya kutosha, wengi wao wanawake na watoto. Huo ndio ujuzi uliokuwa mikononi mwa mama zetu, na haustahili kuitwa "kazi za nyumbani tu".

Mwalimu_Wete:
Ahsanteni sana. Na huko Uingereza, waliolazimishwa kufanya kazi walilipwa sawa na wanaume?

Darajani:
Sheria ya Desemba 1941 ya kuwaita wanawake kwenye kazi za vita iliwaanza wasioolewa na wajane wasio na watoto, miaka 20 hadi 30. Kuhusu malipo, viwanda vya uhandisi vilikuwa na mapatano ya 1940: mwanamke anayeshika kazi ya mwanamme alipwe mshahara kamili baada ya wiki 32, mradi aifanye bila msaada wala usimamizi wa ziada. Sharti hilo ndilo lililowaumiza. Tajiri alirekebisha mashine kidogo, au akadai kuna fundi anayemsaidia, basi mshahara kamili haukuja. Vituo vya kulelea watoto vilivyofunguliwa ili akina mama waende kazini navyo vingi vilifungwa baada ya 1945. Wape wanafunzi sharti hilo la wiki 32 walichambue. Litawafaa kuliko picha za mabango.